Kitambaa Cheupe cha Bibi Shamba

Siku ya mazishi yake ilisomwa risala, na ndani ya risala hiyo alikuwa mpole. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, kwenye migomba, na nusura nipige kelele. Mpole! Mwanamke aliyemshusha mwenyekiti wa kijiji kwenye pikipiki, akamvuta kwa mkono wa koti hadi kwenye shamba lake mwenyewe la kahawa, akamwambia mbele za watu, "Wewe unaongoza nini, ikiwa hata majani yako hujui kama yanaumwa?" Risala ikaendelea kusema kwamba marehemu alishirikiana vizuri na wadau wote wa kilimo. Uongo mwingine huo. Bibi alikufa akiwa amegombana na nusu ya Bugene, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa na makosa. Najua, maana nilikuwa mmoja wao.

Mahali alipozaliwa na ukoo wake vilisomwa bila kosa, kwa hiyo sitavirudia. Sisi tulimwita Bibi Shamba. Hilo lilikuwa jina la kazi yake, na alipostaafu, ofisi ilichukua pikipiki ikamwachia jina. Mimi nina duka la pembejeo hapa Bugene, kando ya barabara ya kwenda Kayanga: mbegu, mbolea, majembe, dawa za kahawa. Kwa miaka mingi alikuja karibu kila siku, akakaa juu ya gunia la mbolea kana kwamba nimeliweka kwa ajili yake, akatafuna kahawa yake na kunikosoa. Nasema kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu hupewa mgeni kabla ya maneno mengine. Alikuwa nazo mfukoni wakati wote. Lakini ukimkaribisha za kwako, alizigeuzageuza kwanza kiganjani, akazinusa, akazitazama kwenye mwanga, ndipo alipozitia mdomoni. Wageni waliona ni dharau. Ilikuwa dharau kweli.

Kifuani alichomeka kitambaa cheupe, kipande cha shuka kuukuu kisichozidi kiganja. Hicho ndicho kilikuwa maabara yake. Akifika shambani kwako hakuanza na mwenye nyumba. Aliinama, akashika jani, akaligeuza, akalisugua mgongoni kwa kile kitambaa, akakitazama. Ndipo alipoinua kichwa na kuitikia shikamoo yako, ambayo ulikuwa umeshaitoa mara tatu. Kitambaa kikitoka na vumbi la kahawia, basi ni kutu, ugonjwa wa ukungu. Kikitoka na unga mweupe, ni ukungu wa namna nyingine. Kikinata, tafuta wadudu. Kikitoka safi, jani lina njaa au jua limeliunguza, na hapo sauti yake ililegea kidogo.

"Jani lina uso na lina mgongo," alisema. "Uso ni wa kuonyesha wageni."

Kila jioni alikifua kwa sabuni ya mche na kukianika uani. Jirani aliyepita akakiona kina doa alijua kuna nyumba siku hiyo imepelekewa habari mbaya.

Hata kanisani hakujizuia. Alikuwa Mlutheri wa kukaa kiti cha mbele, na Jumapili moja katikati ya sala ndefu, sote tumefumba macho, tulisikia chupa ya maua ikigonga meza. Mchungaji alifumbua macho akamkuta amesimama madhabahuni, anageuza majani ya waridi moja moja. Akanyamaza akimngoja arudi kuketi. "Endelea tu, Baba Mchungaji," Bibi akamwambia, "mimi nasikia." Waridi lile lilikuwa na ukungu, na Jumapili iliyofuata madhabahu ilipambwa kwa maua ya plastiki. Akina mama wa maua hawakumsalimia mpaka Pasaka.

Sitaki kumfanya malaika, walioandika risala wameshaifanya kazi hiyo. Alikuwa mkaidi, alikuwa na mdomo, na alijipinga mwenyewe mchana kweupe. Alizichukia methali. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, alikujibu kwamba methali ni kiti cha mtu mvivu. Lakini yeye mwenyewe kila siku alikuwa na msemo mpya, na ole wako uusahau. Alihubiri katika vijiji vyote, kutoka huku Karagwe mpaka Songambele huko Kyerwa alikofanya kazi miaka mingi, kwamba msipeane miche ovyo, msipeane machipukizi ya migomba, magonjwa husafiri kwa njia ya zawadi. Kisha ukienda kumtembelea, hutoki mikono mitupu. Kwake ilikuwa aibu kubwa mgeni kuondoka bila kitu, na kitu chenyewe kilikuwa shina la mchaichai lililong'olewa mbele yako, udongo ukiwa bado umelishika.

Na mchaichai ndio uliotufikisha pabaya.

Akina mama wa hapa walikuwa na kikundi, na kiongozi wao alikuwa Mama Koku, mwanamke mchapakazi, mcheshi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Walilima mchaichai kwenye kipande cha ardhi nyuma ya shule. Kwetu mtu akipata homa au mafua huchemshiwa majani hayo akanywa, akajifukiza mvuke wake chini ya shuka, na akina mama waliona kwamba watu wa mjini nao wana mafua. Waliyakata, wakayaanika kwenye mikeka, wakayafunga, na mnunuzi mmoja wa Murongo alikuwa akija na pikapu kuyachukua. Nyumba kadhaa ziliezekwa kwa majani hayo, na simaanishi kwamba yalipandishwa juu ya paa.

Masika moja majani yakaanza kuwa na michirizi ya kahawia. Mmoja akasema ni jua. Jua gani, na mvua inanyesha kila siku? Mwingine akasema ni jicho la mtu. Bibi Shamba akafika, akainama, akageuza jani, akasugua. Kitambaa kikatoka kahawia.

"Kutu," akasema. "Ni ya ukoo mmoja na ile ya kahawa, ila hii chakula chake ni mchaichai. Kateni yote mpaka chini, vibaki vidole vinne. Majani yote yachomwe leo, lisibaki hata moja. Shina litachipua safi. Na msinyunyizie dawa yoyote. Jani hili halina ganda la kumenya, linaingia kwenye kikombe cha mgonjwa jinsi lilivyo."

Kisha akasema jambo ambalo wengi wameshalisahau, mimi silisahau. "Mashina yenu ya kwanza yalitoka kwangu. La kwangu nimelichoma jana. Kosa ni langu kwanza." Ni wazee wangapi mnaowajua wanaosema hivyo mbele ya wanawake ishirini?

Akina mama walikata siku hiyo hiyo. Kuchoma, hawakuchoma.

Mtu asiye wa huku hataelewa, kwa hiyo nieleze. Sisi ni watu wa migomba, na mgomba bila nyasi ni ombaomba. Tunapanda kwenda rweya, kule kwenye mbuga za wafugaji, tukakate nyasi, tunazibeba kichwani mwendo mrefu, tunazitandaza chini ya migomba ili udongo usikauke. Mtu huhesabiwa heshima yake kwa unene wa matandazo ya kibanja chake cha migomba. Mke anayechoma nyasi ni sawa na anayemwaga maziwa njiani. Basi wale akina mama walisimama mbele ya rundo la majani mabichi yanayonukia, mmoja ameshika kiberiti, na mikono yao ikakataa. Wakayatandaza vizuri kabisa kati ya mistari ya mchaichai ule ule. Hata mimi ningefanya hivyo.

Machipukizi yalitoka mazuri, na kabla hayajafika magotini yakawa na michirizi. Bibi akaitwa. Safari hii hakuinama kutafuta jani, alitazama miguu yake.

"Mmeutandikia ugonjwa kitanda," akasema polepole, "halafu mnashangaa kuukuta umelala!"

"Bibi waitu," Mama Koku akajitetea kwa heshima, "nani huku anachoma nyasi? Mama mkwe akiniona na kiberiti kwenye nyasi, jioni narudishwa kwetu."

Wenzake wakacheka. Bibi hakucheka. Aliwaambia wana akili za kuku anayetaga barabarani, na mengine ambayo siyaandiki. Aliwatukana, nasema ukweli, na kiongozi wa kikundi hatukanwi mbele ya kikundi chake. Mama Koku akanyoosha mgongo.

"Umestaafu, Bibi. Tutamwita aliye kazini."

Aliye kazini alikuja, na hapa hasira yangu haijapoa mpaka leo. Alikuwa mtaalamu wa mradi fulani, kijana mtanashati wa viatu vyeupe, na kwa sababu ya viatu hivyo alisimama kwenye majani makavu ya ukingoni asikanyage tope. Alikuwa na kishikwambi. Alikinyoosha mbele, akaupiga picha mchaichai kwa juu, kishikwambi kikafikiri kidogo, kikatoa jibu: udongo umepungukiwa naitrojeni. Akawasomea akina mama kwa sauti. Hakushika jani hata moja! Alisomeshwa miaka mingapi asiweze kuinama?

Bibi alikuwepo, amesimama pembeni na mwavuli wake. "Baba," akamwambia, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akibembeleza, "ligeuze tu. Moja tu."

Kijana akatabasamu. "Bibi yangu, sayansi imesonga mbele."

Wanawake wale wale waliofundishwa na Bibi kupogoa kahawa wakacheka pamoja naye. Mimi pia nilikuwepo, nami nilicheka kidogo, cheko la mtu mwenye duka, maana mbolea aliyoitaja ilikuwa imejaa kwangu hadi darini. Wakainunua. Mchaichai ukanenepa, majani yakawa laini na ya kijani kibichi, na kutu ikala ulaini huo kwa raha zake zote. Baada ya mwezi ukipita katikati ya mistari, gauni lilitoka kahawia.

Bibi hakuja tena dukani. Watu walisema amenuna. Kumbe kifua kilikuwa kimembana, amelala, na sisi tulishukuru kwa gunia lake la dukani kubaki bila mtu.

Siku hizo Mama Koku akaja kwangu hana ucheshi wake. Pikapu ya Murongo ilikuwa inakuja baada ya majuma machache, na hawakuwa na jani la kuuza.

"Nipe mrututu," akasema. Huo ni ule unga wa buluu tunaounyunyizia mikahawa.

"Wa kahawa?"

"Wa majani."

Nilijua. Sitajificha nyuma ya mtu. Kahawa tunaimenya, tunaikoboa, tunaikaanga. Mchaichai unachumwa na kuzamishwa kwenye maji ya moto. Bibi alilisema hilo mbele yangu, na mdomo wangu ulikuwa na nafasi ya kulirudia. Nilichosema ni hiki tu: "Msinyunyizie mwingi." Kisha nikampimia.

Kutu ilikoma. Majani yakakatwa, yakaanikwa, na Mama Koku akaniletea fungu la asante, kubwa kuliko kawaida. Nililitia kwenye kopo jikoni.

Siku chache baadaye nilisikia kwamba Bibi Shamba hali yake si nzuri, nikaenda kumwona. Nilibeba sukari na mkate, maana kwa mgonjwa huendi mikono mitupu. Mkwewe alinipokea. Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amepungua, ila macho ni yale yale. Juu ya meza ndogo palikuwa na fungu la mchaichai lililofungwa kwa kamba ya mgomba, na kikombe kitupu kinachongoja.

"Mama Koku kaleta mwenyewe," mkwewe akanieleza kwa furaha. "Kapiga magoti, kamwomba radhi mama. Maji yanachemka."

Nilitaka kusema ukweli, nikasema, "Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Mkono wake ulikuwa umeshachomoa jani moja kwenye fungu. Akaligeuza. Akatoa kitambaa kifuani, akakilowesha kwenye maji ya kunywa, akasugua polepole, maana nguvu hazikuwepo, kisha akakiinua kuelekea dirishani. Hakikutoka kahawia. Kilitoka na doa la buluu.

Alikitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Marahaba, Mama Duka," akasema. "Hii haikutoka shambani. Hii imetoka kwako."

Nilianza kulia, nikaanza kueleza habari za pikapu na za Mama Koku. Akanikatiza kwa kiganja.

"Pikapu inakuja lini?"

"Leo."

"Basi unanililia nini? Mimi nitakunywa maji ya moto matupu." Akanitupia kitambaa mapajani. "Nenda."

Nilichukua bodaboda. Niliwakuta nyuma ya shule, magunia yamepangwa na Mama Koku anashona la mwisho. Mama mkwe wake, bibi kizee wa fimbo, alikuwa ameketi kwenye mkeka akitazama kazi. Nikafungua gunia bila ruhusa, nikatoa majani, nikakilowesha kitambaa upande ulio safi, nikasugua mbele yao wote. Buluu.

"Si wewe uliyetuuzia?" Mama Koku akauliza.

"Ni mimi."

Kazi ya miezi ilikuwa ndani ya magunia yale, na karo za watoto. Mama Koku alishika sindano yake hewani, akatazama magunia, akanitazama, na nilijua kwamba akisema yaende, yataenda. Aliyesema kwanza ni yule mama mkwe.

"Hayo ni ya kunywa wagonjwa?"

"Ndiyo, mama," Mama Koku akajibu.

"Mawe, mama wee!" Bibi kizee akajishikiza kwenye fimbo, akasimama. "Nipeni kiberiti."

Akachoma mwenyewe. Magunia yote, kisha akaamuru na yaliyobaki shambani yakatwe, na matandazo yakusanywe kwa uma, mpaka udongo ukabaki mtupu. Mama Koku alilia huku anakusanya, wala sikumwambia anyamaze. Moshi wake ulinukia vizuri, na hilo lilituumiza zaidi. Pikapu ilipofika, dereva aligeuza akaondoka na matusi yake. Mashina yale yalichipua baadaye, safi, na sasa hivi kikundi kinauza tena. Katika risala, sifa ya hilo ilipewa mradi. Msomaji wa risala alikuwa yule yule kijana wa kishikwambi, na miongoni mwetu tuliosikiliza hakuna aliyekohoa.

Lakini jioni ile, kabla jua halijazama, nilirudi kwa Bibi. Nilikuwa naona nimefanya jambo kubwa. Nilitaka anisifu, nakiri, japo kwa neno moja. Nikaketi kitandani kwake. Akaushika mkono wa gauni langu, akaunusa.

"Mmechoma?"

"Tumechoma, Bibi."

"Yote?"

"Yote. Na matandazo."

Akafumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kukikunja kitambaa ili nimrudishie. Akasema bila kuyafumbua:

"Na yale waliyokupa wewe?"

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, gauni nimelikusanya mkononi, nilikatiza vibanja vya watu bila hodi, mbwa nyuma yangu, kitambaa kimebaki kwenye ngumi. Asubuhi ile nilimwacha kitinda mimba wetu na mafua. Nilipofika mlangoni, kopo lilikuwa wazi mezani na birika limeshaepuliwa. Mume wangu alikuwa amempakata mtoto, anapuliza kikombe kipoe.

Nilimpokonya kikombe, nikamwaga nje. Akaniuliza kulikoni.

Nikamwambia chai imeingia moshi.